Picha ya Mwisho ya Nawabu

Durdana Begum alikuwa ameshawaonea wivu wengi katika ndoa yake, lakini alikuwa hajapata kumwonea wivu mwanamke mwenye rangi kwenye kucha.

Alianza na farasi. Alipoolewa, mumewe, ambaye baadaye angeitwa Nawabu Mustakim Jang, alikuwa na farasi wa kijivu aliyeitwa Badal. Siku chache tu baada ya harusi, bibi harusi alichungulia kwenye matundu ya dirisha la nakshi akamwona bwana wake uani, akimlisha farasi yule vipande vya miwa na kumnong'oneza sikioni. Yeye mwenyewe alikuwa hajanong'onezwa kitu. Baada ya farasi ikaja vita na Wamaratha. Baada ya vita akaja mwimbaji mmoja wa Burhanpur. Baada ya mwimbaji akaja Nizamu mwenyewe, mtawala wa Dekani yote, aliyemwita Nawabu barazani Haidarabadi akamsuluhishie huyu na kumtisha yule, akamkalisha huko misimu mizima. Watu wa Aurangabad, mji wao, walipenda kusema kwamba ngome ambayo Mustakim Jang hakuivunja kwa mizinga aliifungua kwa maneno. Durdana aliposikia sifa hizo alikuwa akijisemea moyoni: kumbe maneno anayo, ila huyamaliza huko huko.

Picha za mumewe alikuwa nazo tele. Mtu mkubwa kama yule huchorwa: juu ya ndovu mbele ya ngome inayofuka moshi, na kipanga mkononi, amesimama kwa adabu mbele ya kiti cha Nizamu, ananusa waridi. Durdana alizihifadhi zote katika jalada la ngozi nyekundu, na mchana wa joto, nyumba ikilala, alizitoa akazitazama moja moja. Katika zote, kwa desturi ya wachoraji, Nawabu alionyesha upande mmoja wa uso. Jicho moja, sikio moja, nusu ya sharubu. Hata kwenye karatasi alikuwa hajapata kumgeukia.

Kisha Mungu akamrudisha. Kiharusi kilimpiga Nawabu barazani Haidarabadi, katikati ya hotuba, akaletwa nyumbani kwa machela, upande wa kushoto umekufa na mdomo umelegea. Hakutaka wanaume waliomwogopa miaka yote wamwone akidondokwa na mate. Akaamuru atandikiwe upande wa wanawake, asiingie mwanamume ila mwanawe. Durdana alilia mbele ya watu, kama inavyopasa. Lakini jioni alipokaa kumlisha uji wa mchele na dengu, kijiko kwa kijiko, na kumfuta kidevu kwa ncha ya shela yake, kulikuwa na kitu ndani yake kilichoona haya kujitaja jina. Ilikuwa furaha. Farasi alikwisha kufa, vita vilikuwa vya watu wengine, na Nizamu alikuwa mbali. Mume sasa alikuwa wake.

"Bua, mimi ni mwovu?" alimuuliza siku moja mtumishi wake wa zamani, Bua Mubaraka, aliyemlea tangu utotoni na kuja naye kwa mumewe.

"Mwovu sijui," alisema Bua, akikunja jani la tambuu. "Ila mke wa mgonjwa asiyepungua uzito hata kidogo sijapata kumwona."

Ule utulivu wa Durdana ulivunjwa na mwanawe mwenyewe. Mirza Bahram aliingia asubuhi moja bila hata kuvua kilemba cha safari.

"Ammi, mambo yameharibika. Haidarabadi wanasema Abba amekufa na sisi tunaficha maiti ili tule mapato ya ardhi yake. Mjumbe wa Nizamu ataondoka hapa mwezi ukiandama. Asipokwenda na ushahidi kwamba Abba yu hai na akili anazo, cheo na wapandafarasi watapewa wengine."

"Si amwone tu huyo mjumbe?"

"Abba hataki. Amesema atachorwa, amekaa na upanga wake, kwa upande wa kulia ulio mzima. Picha ndiyo iende."

"Basi mwite mchoraji."

Bahram alisita. "Mchoraji mwanamume hamtaki. Amemtaja binti wa marehemu Mohanlal, yule mchoraji wa zamani. Ratanbai."

Durdana aliweka chini bakuli alilokuwa amelishika. Tangu aletwe, Nawabu alikuwa akimwambia "maji" na "mto" na "basi". Leo ametamka jina zima la mwanamke.

Ratanbai alikuja kesho yake, na Durdana alipomwona alipumua. Mjane wa makamo, kavu kama kuni, sari nyeupe isiyo na pambo, mikono mitupu bila bangili, kidole gumba cheusi kwa wino. Alimsujudia Begum vizuri, akafungua mzigo wake: ubao, makombe ya kuwekea rangi, brashi za manyoya ya kindi. Kisha akamgeukia Nawabu aliyekuwa ameegemezwa kwenye mito, akafumba jicho moja, akamtazama. Hakumtazama kama mtumishi anavyomtazama bwana. Alimtazama kama mtu anayekadiria nguo.

"Umezeeka, Nawab Saheb," alisema.

Watumishi wote waliacha walichokuwa wakifanya. Na Nawabu akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu kilichotoka upande mmoja wa mdomo na kukwama kooni, lakini kilikuwa kicheko, na baada yake likaja neno, na jingine nyuma yake.

"Na wewe... umekonda, Ratan."

Durdana alitoka nje akaenda kukaripia wapishi.

Tangu siku hiyo kila baada ya chakula cha mchana Ratanbai alikuja na kukaa mbele ya Nawabu mpaka mwanga ulipoanza kuwa mwekundu. Durdana aliposimama nyuma ya pazia alisikia sauti ya mumewe, nzito na yenye kukwama, ikisimulia mambo ya kambini, mvua iliyowazamisha ng'ombe wa kukokota mizinga, mzee Mohanlal aliyejificha chini ya mkokoteni na bado akaokoa rangi zake. Alisikia Ratanbai akimkatiza: "Nyamaza sasa, nachora mdomo." Na mtu ambaye Nizamu mwenyewe hakuthubutu kumkatiza alinyamaza.

Akaamua kukaa ndani nao. Alivaa shela yake ya kijani kibichi, akachukua mahali karibu na miguu ya mumewe, akaanza kumpepea.

"Begum Sahiba," alisema Ratanbai bila kuinua kichwa, "nisamehe. Kivuli chako kinamwangukia."

Durdana akasogea.

"Bado, Begum Sahiba. Kidogo tena."

Akasogea tena, na tena, mpaka akajikuta karibu na mlango, pamoja na Bua Mubaraka na sufuria ya maji.

"Karibu," alinong'ona Bua. "Huku kuna upepo."

"Nyamaza wewe."

"Mimi nimenyamaza. Anayechemka ni mwingine."

Durdana alijaribu njia nyingine. Ratanbai alipokuwa akiosha brashi uani, alimfuata.

"Huna watu nyumbani wanaokungoja, mama? Kila siku unakawia hapa."

"Yupo mama mkwe wangu, Begum Sahiba. Ni kiziwi. Hajui kama nimekwenda wala kama nimerudi."

"Na picha yenyewe mbona haiishi? Mzee Mohanlal alikuwa akimaliza haraka."

"Baba alikuwa akichora kilemba na upanga, akiweka pua, kazi imekwisha." Ratanbai alikung'uta maji kwenye brashi. "Uso ule sasa una mambo mengi. Haunyamazi kama zamani."

Jibu hilo Durdana alilala nalo, akaamka nalo. Uso ule alikuwa akiuosha yeye kila asubuhi. Mambo hayo mengi mbona hakuyaona?

Siku ya sikukuu ya taa Ratanbai hakuja. Alikuwa na ibada za kwao. Vitu vyake vilibaki vimefunikwa kwa kitambaa kwenye chumba cha pembeni. Nawabu alikuwa amelala usingizi wa mchana. Durdana aliwaambia watumishi waende wakapumzike, akaingia chumbani, akafunua.

Picha ya mjumbe ilikuwa karibu kwisha. Nawabu amekaa, upanga mapajani, kito cha kilemba kinametameta, upande wa kulia wa uso umenyooka kama siku za nguvu zake. Ilikuwa nzuri, na haikumuudhi. Ilikuwa Nawabu yule yule wa jalada jekundu. Lakini chini ya ubao kulikuwa na karatasi nyingine, na hizo alizitoa moja moja. Mkono wa Nawabu uliokufa, umelala kwenye shuka. Nawabu amesinzia. Mdomo wake uliolegea, umechorwa kwa upole mno, mtu angedhani ni ua lililoanza kunyauka.

Ya mwisho ilikuwa kuukuu, kingo zake zimeliwa na wadudu. Kijana asiye na kilemba, kanzu imefunguliwa kifuani, amegeuka mzima mzima kumtazama anayemchora, na anacheka. Macho yote mawili. Juu ya nyusi kulikuwa na jeraha bichi lenye nyuzi za kushonea.

Durdana alikaa chini sakafuni. Jeraha lile alilijua. Nawabu alilipata kwenye kuizingira ngome moja ya milimani, mwaka ule yeye alipokuwa mjamzito wa Bahram, amevimba miguu, akiomba kila sala mumewe arudi salama. Alirudi, na jeraha limeshapona, akamtazama mtoto, akasema "Alhamdulillahi," akaenda kulala. Kumbe kicheko alikuwa nacho. Alikiacha kule.

Hakufikiri. Alichovya ncha ya shela kwenye kombe la maji, akaipitisha juu ya uso wa picha ya mjumbe. Rangi zile za gundi zilikubali upesi sana. Nyusi ilikwenda kwenye pua, sharubu ikatiririka kidevuni, na mahali pa uso wa jemadari wa Dekani pakabaki doa la rangi ya tope. Upanga ulibaki, na kito kikaendelea kumetameta juu ya doa.

Aliyegundua alikuwa Ratanbai mwenyewe, aliporudi. Hakupiga kelele. Alilitazama doa, akaitazama ile shela ya kijani yenye ncha iliyopakaa hudhurungi, akaanza kufunga vitu vyake.

"Husemi kitu?" Durdana alimuuliza. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na kuukosa kulimtia hasira zaidi.

"Niseme nini, Begum Sahiba? Nyumba ni yako."

"Na mume ni wangu."

"Na mume ni wako," alikubali Ratanbai, akabeba mzigo akatoka.

Durdana aliingia kwa mumewe na ile karatasi kuukuu mkononi. Akaikunjua mbele ya macho yake.

"Huyu ni nani?"

Nawabu aliitazama kwa muda mrefu. "Mimi."

"Sikuulizi aliyechorwa. Nakuuliza, ulikuwa unamtazama nani hivi?"

"Unamjua." Maneno yalimtoka taratibu, kila moja akilivuta kama ndoo kisimani. "Alikuja kambini na baba yake. Msichana. Aliniambia nitulie... nikatulia."

"Ukafanya naye nini?"

"Nilikaa. Akanichora."

"Nami niamini hivyo?"

"Sikumgusa, Durdana." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ningemgusa... ningemsahau, kama nilivyowasahau wengine."

Hakusema kwa nia ya kumuumiza. Alikuwa mtu wa kweli alipokuwa hana haja ya kudanganya, na sasa hakuwa na haja hiyo tena kwa yeyote. Ndiyo maana yalimchoma.

"Mimi ulinigusa, bwana," alisema Durdana.

Akaikunja karatasi, akatoka nayo bila kungoja jibu.

Bahram alipoona picha iliyoharibika alimfokea kila mtu nyumbani, isipokuwa mama yake, maana hakuwaza kabisa kwamba angeweza kuwa yeye. Akaleta mchoraji mwanamume, hodari, aliyezoea kuchora wakubwa, akamkalisha nyuma ya pazia ili achungulie. Nawabu alipoona pazia likitikisika aligeuza kichwa ukutani. Walimgeuza, akageuka tena. Jioni akakataa uji. Kesho yake akaukataa pia. Durdana alimshikia kijiko mdomoni mpaka uji ukapoa.

"Abba anataka tuwe ombaomba," alisema Bahram, amekaa kwenye ngazi na kilemba chake mapajani. "Siku zinakwisha, Ammi. Nimemtumia ujumbe yule mjane, kasema haji. Kasema picha yake imeoshwa mara moja, inatosha. Ni nani aliyeiosha? Nikimpata nitamkata mikono."

Durdana aliitazama mikono yake. Kisha akasema, "Niandalieni machela."

Mtaa wa wachoraji haukuwa umepata kuona machela yenye mapazia ya hariri. Wabebaji walikwama mara mbili kwenye uchochoro, na mbuzi mmoja alikula pindo la pazia. Nyumba ya Ratanbai ilikuwa na ua mdogo uliotapakaa makombe ya rangi. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa akisaga jiwe la buluu, na pembeni mkongwe kiziwi akichambua dengu. Ratanbai aliinuka, akamwekea mgeni mkeka safi. Durdana hakukaa.

"Mimi ndiye niliyeiosha," alisema.

"Najua. Uliacha nyuzi za shela kwenye rangi."

"Njoo uchore tena."

"Ili uoshe tena?"

"Mwanangu atapoteza kila kitu. Na baba yake hali chakula." Aliusogeza mkeka kwa ncha ya kiatu. "Hali kwa mkono wangu."

Ratanbai aliendelea kusaga kidogo, jiwe likilia taratibu. "Begum Sahiba, unataka nikuambie kwamba hakuna kitu kati yangu naye. Hilo ndilo ulilokuja kulisikia?"

"Kipo?"

"Mimi niliolewa na mwanamume mwema, nikamzika. Sikulala nikimlilia Nawabu. Lakini picha ile kuukuu nilihama nayo kila nilikohamia. Nilipokuwa nakupita sokoni, wewe ndani ya machela na wapiga mbiu mbele, nilikuwa nasema: yule anamwona akiamka asubuhi. Sitakudanganya ili nipate kazi."

Durdana alihisi uso unamwaka. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia, na hili lilimshangaza, kuendelea kusikia.

"Akiamka asubuhi alikuwa akiulizia viatu," alisema.

Ratanbai alikohoa ghafla. Huenda alikuwa akificha kicheko. Mkongwe kiziwi aliinua kichwa. "Nani huyo? Muuza maziwa?"

"Ndiyo, mama!" alipiga kelele Ratanbai. "Kaleta maziwa!" Kisha akamgeukia mgeni. "Nitakuja. Kwa sharti moja. Mito haimshikilii tena. Kila siku anaporomokea kushoto, na mtumishi akimshika anakakamaa. Anatakiwa mtu wa kumwegemeza kutoka nyuma, ambaye mwili wake ameuzoea."

"Nyuma yake?"

"Nyuma kabisa. Usionekane."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mchana, baada ya chakula, Durdana Begum, binti wa ukoo uliowahi kutoa mawaziri, alikaa sakafuni nyuma ya mumewe kwa kumpa mgongo, akaegemeza mabega yake kwenye mabega ya Nawabu, miguu ameikaza ukutani. Mbele yake hakukuwa na kitu ila chokaa na mjusi. Nyuma yake mume wake alikuwa akimtazama mwanamke mwingine.

Siku ya kwanza alikaa ameuma meno. Uzito wa Nawabu ulimwelemea, uti wa mgongo ukamuuma, na wivu ukamuuma zaidi. Kila Ratanbai aliponyamaza alijiuliza wanatazamanaje. Siku ya pili alianza kujua bila kuona. Nawabu alipochoka, uzito ulihamia kushoto. Alipotaka kusema neno gumu, mbavu zilijaa kwanza. Ratanbai aliposema jambo la mzaha kuhusu pua yake, Durdana alikihisi kicheko mgongoni mwake kabla hakijafika mdomoni mwa mwenyewe, na kabla ya yule wa mbele hajakiona. Alijikuta akikingoja. Kilipokuja, akakikumbatia kwa mgongo kama mwivi, kwa kuwa hakikuwa chake.

Usiku uji ulilika. Hawakusema lolote kuhusu karatasi kuukuu.

Picha ya mjumbe ilikwisha kabla ya mwezi kuandama, uso umenyooka, upanga mahali pake. Bahram aliibeba mwenyewe ikiwa imefungwa kwa hariri. Durdana alidhani kazi imekwisha, akaanza kuinuka kwa kushika kiuno, lakini Nawabu akasema, "Bado."

"Bado nini, Nawab Saheb?" aliuliza Ratanbai.

"Hiyo ni ya Nizamu. Sasa nichore... hivi nilivyo."

Durdana akasikia sauti ya Ratanbai. "Begum Sahiba atachoka."

Aliyetakiwa kujibu alikuwa yeye. Durdana aliutazama ukuta. Angeweza kusema kwamba mgongo haufai tena, na isingekuwa uongo.

"Chora," alisema. "Lakini fanya upesi, mjusi huyu nimemchoka."

Mbavu za Nawabu zikajaa, na kicheko kikamjia mgongoni.

Nawabu alifariki mwanzo wa mvua, asubuhi, Durdana akimfuta uso. Hakutoa wasia wowote mzuri wa kukumbukwa. Aliomba maji, akanywa, akashukuru. Cheo kilimwendea Bahram. Haidarabadi waliisifu sana ile picha, na walisema jemadari yule alikuwa imara mpaka siku ya mwisho.

Baada ya arubaini Ratanbai alikuja na kifurushi bapa. Durdana alikuwa kwenye mavazi meupe ya eda, na kwa mara ya kwanza wanawake wale wawili walifanana mavazi. Kifurushi kikafunguliwa.

Nawabu alikuwa amegeuka mbele. Mdomo umelegea, jicho moja limeshuka, mkono uliokufa uko mapajani mahali pa upanga. Na alikuwa akitazama, kwa macho yote mawili, kwa furaha ya mzee aliyeambiwa atulie akakubali. Durdana alijiona amesimama pale pale palipokuwa pa Ratanbai, na mtazamo ule ukamwangukia yeye. Alijua haukuwa wake. Aliupokea hata hivyo, akasimama pale pale, asiupoteze.

Kisha akaanza kutafuta. Alitafuta nyuma ya bega ukingo wa shela, ncha ya kidole, unywele. Hakuona kitu.

"Na mimi niko wapi?"

"Ulikuwa nyuma yake, Begum Sahiba. Kutoka nilipokaa huonekani."

"Ungeweza kuweka hata kidole."

"Ningeweza." Ratanbai aligusa hewani mbele ya karatasi, akifuata mstari wa mabega. "Lakini mtazame alivyokaa. Bila wewe hapa pangekuwa na mtu aliyelala."

Watoto wa Bahram walikuwa wakipiga kelele kwenye mfereji wa maji uani, na Bua Mubaraka akiwatishia kwa kandambili.

"Umeileta kuniuzia?"

"Nimeileta nikuombe," alisema Ratanbai. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alitazama chini. "Naomba nibaki nayo. Nilimchora kwa jicho langu."

"Hapana."

"Begum Sahiba..."

"Hapana, Ratan. Wewe umemwona akikutazama hivi ujanani na uzeeni. Mara mbili! Mimi sina hata moja. Hii ni yangu, hata kama nimeiba." Alikuwa akilia sasa, bila kujificha kwa shela. "Rudi kwako na ile ya ujanani. Nitakupa, nimeitunza. Yule kijana mwenye jeraha ni wako, sikumjua. Huyu mzee nilimbeba."

Ratanbai alifikiri, akafuta mikono yake kwenye sari japo haikuwa na kitu. "Basi niruhusu nije kumtazama."

Durdana alitaka kukataa. Neno lilikuwa tayari ulimini. "Mara moja kwa mwaka," alisema mwishowe. "Siku ya kumbukumbu yake. Baada ya kisomo, watu wakiondoka."

Ahadi hiyo aliitimiza. Kila mwaka Ratanbai alikuja, na picha ikatolewa ndani ya jalada jekundu ikaegemezwa kwenye mito ya Nawabu. Walikaa wakala tambuu, wakabishana kama pua ilikuwa kubwa hivyo kweli, na mara nyingine walinyamaza mpaka mwanga ukaanza kugeuka. Ratanbai akifumba jicho moja, Durdana alimtazama yeye, si picha. Na ilipotokea Durdana akaitwa nje, labda mpishi ana shida au mjukuu ameanguka, hakuondoka kabla ya kumwita Bua Mubaraka, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, aje akae na hao wawili.

"Begum," alilalamika Bua mwaka mmoja, akijishusha kizingitini kwa kuguna, "mtu mwenyewe sasa ni karatasi."

"Najua ni karatasi," alisema Durdana, akivaa viatu vyake. "Wewe kaa hapo hapo mpaka nirudi."